Kesi ya Ubavu wa Kushoto

Alhamisi mchana, makande yakiwa bado hayajapata pa kukaa tumboni, fundi Namsifu aliota ubavu wa gari ukimwita jina, kwa sauti ya kukokota, kama wanavyoita watu barazani.

Ubavu wenyewe ulikuwa wa kushoto, na gari lilikuwa la marehemu mjomba wake, Elieneza. Gari dogo jekundu la spoti, lile la kufunua paa, lililokaa chini kiasi kwamba kuku wa Same walilitazama ana kwa ana. Elieneza alilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama nchi. Hakuna barabara yoyote ya milima ya Upare iliyowahi kuomba gari la namna hiyo, lakini Elieneza hakuwa mtu wa kununua gari kwa kuzisikiliza barabara.

Ubavu ulibonyea zamani, kuanzia karibu na bawaba ya mlango hadi karibu na tairi la nyuma. Elieneza alitangaza kwamba aliyebonyeza ni dume la ng'ombe wa mdogo wake, Kirita, aliyepita karibu na gari na mapembe yake. Kirita akasema dume wake hajaligusa gari hilo hata kwa mkia. Wakapelekana barazani. Kesi ikasikilizwa, ikaahirishwa, ikasikilizwa tena, ikaahirishwa tena, hadi ndugu wawili wa tumbo moja wakawa wanaingia kanisani kwa milango tofauti. Muda wote huo Elieneza alikataza katakata ubavu usiguswe na fundi yeyote, maana ni kidhibiti, ushahidi wa kesi. Akawa anaendesha kidhibiti chake mjini, paa wazi, miwani ya jua usoni.

Kisha presha ikamchukua, kesi ikiwa bado haijakwisha.

Mjane wake, Bi Nakijwa, ndiye aliyelileta gari gereji.

"Tunazika Jumamosi, juu Mbaga," alimwambia Namsifu. "Alisema siku zote kwamba atapanda mlimani kwa gari lake, paa wazi. Kwa hiyo ng'oa hicho kiti cha kushoto, jeneza lipate pa kulala. Na huo ubavu unyooshe. Simpeleki mume wangu kwa Mungu na gari lililobonyea."

Namsifu akang'oa kiti. Hata hajamaliza kukiegemeza ukutani, Mjomba Kirita akaingia, kofia mkononi, macho mekundu ya mtu aliyelia kwa kujificha.

"Mwanangu, huo ubavu usiuguse," alisema. "Baraza halijasema kwamba ng'ombe wangu hana hatia. Ukiunyoosha leo, kesho watu watasema Kirita amemtumia mpwa wake kufuta ushahidi. Ukiugusa, mazishini msinitegemee."

"Mjomba, utakosaje kumzika kaka yako?"

"Niulize mimi nitakosaje? Muulize yeye." Akavaa kofia, akaondoka.

Namsifu alikuwa mtoto wa dada yao. Elieneza alimpa nyundo yake ya kwanza, wakati ukoo mzima unasema kunyoosha magari si kazi ya mwanamke. Kirita alimchinja dume yule yule aliyeshtakiwa, siku ya harusi ya Namsifu, ili wageni wale. Sasa akinyoosha, anamkosa mmoja kaburini. Asiponyoosha, anamwaibisha mwingine akiwa ndani ya jeneza. Mwanamke ambaye hakuwahi kuogopa bati lolote alisimama mbele ya mlango mmoja mwekundu akashindwa hata kuinua mkono. Akala makande, akatandika boksi sakafuni kando ya gari, akajilaza avute pumzi.

Ndipo ubavu ukamwita.

"Nipo," anaitika Namsifu.

Mbonyeo umefunguka katikati kama mdomo. Ndani yake kuna meno machache ya rangi iliyobanduka.

"Weka nyundo chini," anasema Mbonyeo. "Mimi ni kidhibiti."

"Sijashika nyundo."

"Basi ishike, halafu uiweke chini. Mambo yafuate utaratibu."

Namsifu anaishika, anaiweka chini. Nyundo anakohoa, anasimama kwa mpini wake, anajipangusa grisi. Juu ya benchi, kipande cha msasa, wa ule mkali wa kuondolea kutu, kinatangaza kwa sauti ya kukwaruza: "Hakimu ameingia. Wote simameni."

Namsifu anasimama. Anamwangalia Hakimu vizuri.

"Mheshimiwa, si wewe uliyekuwa unagonga bampa la lori asubuhi?"

"Asubuhi nilikuwa kazini," anasema Nyundo. "Na sasa niko kazini. Kaa."

Namsifu anakaa juu ya tairi.

"Kesi hii," anasema Nyundo, "itasikilizwa katika mahakama ya wazi."

Anabonyeza kitufe ambacho Namsifu hajawahi kukiona ukutani. Paa la gereji linaguna, linainuka mbele, mabati yanajikunja moja juu ya jingine, yanarudi nyuma taratibu na kujilaza kama la gari. Jua linaingia. Mjusi aliyekuwa ameshika boriti anabaki amening'inia hewani pale pale, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ashuke.

"Upande wa mashtaka uko wapi?"

"Kushoto, Mheshimiwa," anasema Msasa, ambaye ndiye karani.

"Upande wa utetezi?"

"Kulia, penye usukani."

Nyundo anaegemea mbele. "Naona upande wa mashtaka una kasoro."

"Umebonyea, Mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Tangu kesi ilipoanza."

Wakati huo gari limeshakuwa kubwa kama kanisa, na watu wamekaa kwenye viti vyake kwa safu, wamefunga mikanda. Namsifu hakuona wameingia lini. Mlalamikaji anaitwa. Anakuja Mjomba Elieneza kwa hatua fupi fupi, amevaa suti ya kahawia ambayo Bi Nakijwa aliipeleka mochwari. Ana pamba puani, kwa hiyo anaongea kama mtu mwenye mafua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa. Gereji yako ina vumbi."

Namsifu hajui aseme nini zaidi. "Pole sana na msiba," anasema.

"Asante," anajibu Elieneza. "Umenigusa sana. Mimi mwenyewe bado siamini."

Nyundo anamkazia macho. "Mlalamikaji, mahakama imepata taarifa kwamba umekufa."

"Ni kweli, Mheshimiwa. Lakini hiyo si sababu ya kuondoa kesi. Mimi mfu nimefika. Kirita mzima hajafika. Naomba hilo lizingatiwe."

"Limezingatiwa. Mshtakiwa aitwe."

Msasa anaita: "Dume la ng'ombe, mwekundu, baka jeupe kifuani!"

Mtu mmoja anafungua mkanda, anaufunga tena.

"Mshtakiwa yuko wapi?"

Namsifu ananyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Aliliwa, Mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na sisi. Kwenye harusi yangu."

"Basi waliomla waje naye."

Hakuna aliyesogea hata hatua moja, lakini sasa wako harusini. Turubai ni lile lile, viti vya plastiki ni vile vile, na pale mezani palipokuwa na keki limeegeshwa gari. Namsifu amevaa ovaroli, na juu ya ovaroli, shela. Wageni wote wameshika sahani.

"Mshtakiwa, unanisikia?" anauliza Nyundo.

"Mooo," yanajibu matumbo yote kwa pamoja. Tumbo la mchungaji ndilo linalovuma zaidi, kwa sababu mchungaji alirudia.

"Sehemu moja moja, tafadhali. Aliyekula ubavu ni nani?"

Ni Namsifu. Hakimu anakuja, analaza sikio lake la chuma tumboni kwake. Ni la baridi.

"Kuna kelele humu."

"Ni makande, Mheshimiwa. Ya leo."

"Makande yanyamaze. Mshtakiwa aendelee."

Sauti nzito, tulivu, ya mtu asiyependa ugomvi, inatoka chini ya kifua cha Namsifu. "Siku hiyo nilikuwa ng'ambo ya mfereji, kwenye majani. Nilikuwa natafuna. Mimi nikitafuna sifanyi kitu kingine."

"Na pembe zako je, zinasemaje?"

"Pembe hakuna aliyezila, Mheshimiwa. Hazina pa kujibia."

Wageni wananong'ona. Elieneza anasimama, anataka kupinga, lakini kabla hajafungua kinywa kopo la puti, ile dawa nzito ya kujazia bati lililobonyea, linafunguka kwenye kona ya turubai na Wakili Puti anatoka. Amevaa suti ya kijivu isiyo na mkunjo hata mmoja. Ananukia dawa. Anainama mbele ya Hakimu, mbele ya marehemu, mbele ya kila tumbo.

"Mheshimiwa, tunaumizana ya nini?" anasema kwa sauti laini. "Niacheni nijae. Nikijaa, mbonyeo hakuna. Mbonyeo usipokuwepo, kesi itasimama wapi? Kesi isiposimama, ng'ombe wa nini? Juu tunapuliza rangi nyekundu. Jumamosi marehemu anazikwa vizuri, mama anafurahi, na Kirita tunamwambia lolote litakalokuja kichwani."

Watu wanapiga makofi. Matumbo nayo yanapiga, kwa namna yake.

Na kwa kweli Namsifu anaona ni maneno ya busara. Si kwamba wazo hilo halikumpitia kabla hajalala: ajaze puti bila kunyoosha chochote, ubavu uwe laini kama shavu la mtoto, kisha kila mjomba aambiwe anachotaka kusikia. Anatikisa kichwa kukubali. Wakili Puti anatabasamu, anaanza kazi. Anajipaka juu ya Mbonyeo, ambaye anabaki kusema "mmm, mmm". Anajipaka juu ya midomo ya wageni. Anampaka mchungaji. Anafika kwenye kidevu cha Namsifu, anapanda mdomoni, wa baridi, mtamu kumgusa, na Namsifu anajisikia raha kama mtu aliyeambiwa hatakiwi kusema kitu tena maisha yake yote.

Kisha anamwona Elieneza. Amekaa mwenyewe kwenye safu ya mbele. Puti amempita, hakumpaka, kwa kuwa maiti hadhaniwi kuwa na la kusema. Na mjomba yule, aliyekuwa na maneno ya kujaza baraza zima, anamtazama Namsifu kwa macho ya mtu anayetaka kuulizwa swali.

Namsifu anajaribu kuongea. Mdomo umekauka. Basi anasogea, anamshika Hakimu shingoni, anajigonga naye kidevuni. Puti inapasuka, inaanguka vipande.

"Unamtumia Hakimu?" anafoka Msasa.

"Samahani, Mheshimiwa. Nyundo nyingine sina karibu."

"Naona," anasema Nyundo. "Umegonga vizuri. Una ombi?"

"Naomba twende tukaone mahali penyewe. Kwenye tukio."

"Napinga!" anasema Wakili Puti. "Kwa hayo machache, Mheshimiwa, naom..." Lakini alikuwa ameshachanganywa na dawa ya kukausha, na puti ikishachanganywa haina maisha marefu. Anaganda hapo hapo, kidole juu, mdomo wazi. Msasa anaenda kuikwaruza midomo ya mchungaji.

Turubai halipo. Wako kwenye kona ya barabara ya kwenda Mbaga, penye kituo cha kukusanyia maziwa. Ukungu unapita chini yao. Mbele ya kituo kuna nguzo ya mti iliyopakwa rangi ya kijani, na nguzo imeinama kama mtu anayesikiliza. Namsifu anaifahamu, imeinama hivyo tangu zamani. Chini yake kuna umati wa mchwa, wamejipanga, vichwa vyao vinang'aa. Mmoja anasogea mbele.

"Mheshimiwa, sisi mchwa tunaomba kuunganishwa kwenye kesi."

"Kwa sababu gani?"

"Siku gari lilipobonyea, nguzo hii nayo iliinama. Watu wakasema imeliwa na mchwa. Mpaka leo tunatajwa. Sisi nguzo hii hatujawahi hata kuionja. Imepakwa rangi ya mafuta. Ina ladha mbaya sana."

Nyundo anageuka kumtazama Elieneza. Wageni wanageuka. Mchwa wanageuka, na wao ni wengi. Elieneza anatazama ukungu, anatazama viatu vyake. Pamba zinamtoka puani, moja, halafu nyingine, na anapovuta pumzi sauti yake inarudi ile aliyokuwa nayo Namsifu akiwa mtoto.

"Kuna baridi huku," anasema.

"Fundi," anaamuru Nyundo, "mnyooshe mlalamikaji."

"Ameshanyooshwa, Mheshimiwa. Mochwari."

"Huo ni mwili. Maneno yake bado yamepinda."

Namsifu anamsogelea mjomba wake. Bati lililokunjwa hugongi katikati; unaanzia pembeni kabisa, pale ambapo haliumi, unakuja nalo polepole. Anamwuliza ilikuwa siku gani.

"Jumapili," anasema Elieneza.

"Kulikuwa na jua?"

"Kubwa. Ndiyo maana nilikuwa nimefunua paa."

"Ulikuwa umevaa nini?"

"Shati jeupe. Na miwani." Anameza mate. "Wanakwaya walikuwa wanashuka kutoka kanisani. Akina mama, wamevaa sare. Wakaniimbia."

"Walikuimbia wewe, mjomba?"

"Walikuwa wanaimba, na mimi nikapita."

"Halafu?"

"Nikawapungia mikono."

"Mikono?"

"Yote miwili. Mkono mmoja ungeonekana dharau."

"Na gari?"

"Gari likaenda lilikotaka," anasema Elieneza.

Hakuna anayecheka. Hata matumbo yamenyamaza.

"Nikafika nyumbani," anaendelea, "nikamkuta dume wa Kirita amesimama karibu na geti, ananiangalia. Kirita naye akatoka, akauliza gari limepatwa na nini. Ningemwambiaje Kirita? Tangu utoto anasema mimi najisikia. Nikasema ni ng'ombe wako. Nilidhani ni maneno ya jioni ile tu, mpwa. Kumbe Kirita akakasirika. Na mimi nikakasirika kwa kuwa yeye kakasirika. Halafu baraza likapanga tarehe."

"Si ungesema tu siku moja, mjomba?"

"Nilikuwa nimeshaanza kushinda," anasema Elieneza, na anaanza kulia, bila machozi, kwa sababu yamekwisha. "Mwambie Kirita."

"Mwambie mwenyewe. Nyumba yake ni hapo juu tu."

Elieneza anaonyesha chini. Ndani ya soksi, vidole gumba vyake vimefungwa pamoja kwa kitambaa cheupe. "Wamenifunga. Hatua zangu ni hizi hizi ulizoziona. Nenda wewe. Kwenye ubavu kuna ule utepe mweusi wa plastiki. Ubandue. Angalia nyuma yake, karibu na bawaba ya mlango."

"Hukumu!" anapaza sauti Msasa.

"Itatolewa lini, Mheshimiwa?" anauliza Namsifu, kwa mazoea ya ukoo wao.

"Sasa hivi," anasema Nyundo, anaruka juu, anashuka kwa kichwa.

Paa!

Namsifu alikurupuka. Nyundo ilikuwa imeanguka kutoka kwenye benchi, imelala sakafuni karibu na sikio lake. Mabati yalikuwa juu mahali pake. Alibaki amekaa juu ya boksi kwa muda, akijipapasa kidevu, akijiambia kwamba makande ya mchana yakizidi maharage mtu huona mengi.

Halafu akachukua bisibisi bapa.

Ule utepe mweusi uliopita ubavuni ulikuwa umekakamaa kwa jua. Aliuinua kidogo kidogo kutoka nyuma kuja mbele. Ulipoachia karibu na bawaba, kitu kikaanguka juu ya boksi. Kilikuwa kibanzi cha mti, kifupi kama njiti ya kiberiti. Upande mmoja kilikuwa mti mtupu. Upande wa pili kilikuwa na rangi ya mafuta, ya kijani.

Namsifu alikipigia magoti.

Akampigia simu Mjomba Kirita, akamwambia aje, hakumwambia la nini. Kirita alikuja amekunja uso, tayari kwa ugomvi, akaukuta ubavu bado haujanyooshwa, akashangaa. Namsifu akamwekea kibanzi kiganjani na kumwonyesha kilikotoka.

Kirita alikigeuza mara nyingi. Akakisogeza kwenye mwanga.

"Ng'ombe wangu hakuwa na pembe za kijani," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mjomba."

"Hii ni ya nguzo ya pale kwenye maziwa."

"Ndiyo, mjomba."

Kirita akakaa juu ya tairi. Namsifu alitegemea atapiga kelele za ushindi, aite watu, atake baraza likutane siku hiyo hiyo. Mzee alikaa tu, mabega yameshuka.

"Angeniambia," alisema. "Ningemcheka siku moja, yakaisha. Ningemcheka sana, sikatai. Lakini yangeisha."

Hapo wakasikia sauti ya Bi Nakijwa nje, akiwasalimu watu wa duka la jirani waliokuwa wanampa pole. Kirita akamtazama Namsifu, akatikisa kichwa: hapana. Akafumba ngumi, kibanzi ndani, akauficha mkono nyuma. Mjane alikuwa na msiba wa kumtosha. Hakuwa na haja ya kujua kwamba aliyemlilia alikuwa mwongo.

Bi Nakijwa aliingia, khanga nyeusi kichwani. Akaona ubavu. Akaona utepe umebanduliwa. Akamwona shemeji yake amekaa kama mwizi wa mahindi.

"Shemeji, fungua mkono."

"Hakuna kitu, shemeji. Pole na msiba."

"Kirita. Fungua mkono."

Akafungua. Bi Nakijwa akainama kidogo, akatazama, akainuka.

"Hiyo ni ya kituo cha maziwa," alisema.

Namsifu na Kirita wakatazamana.

"Mama, umejuaje?"

Bi Nakijwa akakinyooshea kidole kiti cha kushoto, kile kilichong'olewa, kilichoegemea ukuta. "Nilikuwa nimekaa hapo. Kiwiko hiki kilivimba, sikuweza kusonga ugali. Nikamwambia, Elieneza, shika usukani. Akasema, kwanza niwasalimie watu wa Mungu."

"Shemeji!" Kirita alisimama. Sauti ilimpanda. "Ulijua? Miaka yote hii ulijua, na hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Bi Nakijwa naye hakushusha sauti. "Mliwaita wachunga ng'ombe. Mkamwita mwenye duka. Mkaenda kupima urefu wa pembe. Mimi niliyekuwa ndani ya gari hakuna aliyeniita, wewe wala yeye wala hilo baraza lenu. Elieneza aliniambia shahidi haongei mpaka aitwe. Basi nikakaa nikasubiri kuitwa. Nilipika chai ya wazee wenu wa baraza, nikasubiri. Halafu amekufa. Nikajisemea, sitamfanya mwongo kabla hajazikwa. Nitaunyoosha huo ubavu, yaishe kimya kimya."

"Nilimchinja dume wangu kwa hasira ya kesi hii! Nilitaka aondoke machoni pangu."

"Alikuwa mtamu," alisema Bi Nakijwa.

Kirita alifungua mdomo amjibu, kikatoka kicheko. Kilianza kidogo, kwa aibu, kikakua kikamtikisa mwili mzima, na Bi Nakijwa akajaribu kujizuia kwa ncha ya khanga akashindwa, akacheka akishika gari. Namsifu naye akacheka, zaidi yao, kwa kuwa yeye aliyajua na ya mchwa. Kisha, bila kuambizana, wakawa wanalia. Kirita alilia kwa sauti, kama walivyolia wenzake siku ya kwanza ya msiba wakati yeye amekaa nyumbani kwake, amefunga mlango.

Alipomaliza alijifuta kwa kofia, akakitupa kile kibanzi ndani ya jiko la mkaa la mama muuza chai aliyekuwa mlangoni.

"Nyoosha, mwanangu," alisema.

Namsifu akaokota nyundo. Aliigeuza, akaiangalia usoni, isije ikawa na la kusema. Haikusema. Akatoa ngozi ya ndani ya mlango, akaweka chuma cha kukingia kwa nje, akaanza kugonga kutoka ndani, pembeni kwanza, pole pole, na bati lililokuwa limekaa vibaya miaka yote likaanza kurudi kwao kwa milio midogo midogo. Wazee wawili hawakuondoka. Kirita alivua koti, akauliza msasa uko wapi.

"Na Jumamosi nani anaendesha?" Bi Nakijwa aliuliza, akimtazama yeye.

"Shemeji, mimi gari hili sijawahi kuligusa. Nimeapa hivyo barazani."

"Basi leo liguse."

Kirita akalitazama gari kwa muda. Akaweka kiganja juu ya boneti, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akakiacha hapo.

Jioni, bati lilipokuwa limenyooka na kilichobaki ni puti nyembamba ya kuficha alama za nyundo, Namsifu alifungua kopo la rangi, akapaka tone moja kando ya rangi ya zamani. Akakunja uso.

"Mama, kuna tatizo," alisema. "Nyekundu ya zamani imepauka na jua. Hii mpya itawaka zaidi. Nikipuliza ubavu huu peke yake, mtu akiwa mbali ataona kwamba umetengenezwa. Nikitaka isionekane, inabidi nipulize gari zima, na muda hatuna."

Bi Nakijwa alisogea, akalitazama lile tone, jekundu kama nyanya juu ya wekundu uliochoka.

"Acha ionekane," alisema. "Watu watauliza, na safari hii nitajibu mwenyewe."